Kuupima Mlio wa Hedifoni Zilizotengenezwa na Wanafunzi

Mwalimu yeyote aliyefundisha Tarakea wakati wa masika anaijua taabu ya mabati. Mvua ikianza kupiga paa, sauti ya mwalimu humezwa, na wanafunzi walioketi nyuma hubaki kuitazama midomo yake. Redio nayo haitoi msaada mkubwa. Tukiifungua kwa nguvu, sauti hupasuka na kuwasumbua wenzetu wa darasa la pili. Tukiipunguza, wanaofaidi ni wale wa dawati la mbele peke yao. Tatizo hili si geni katika nchi yetu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, na kila aliyeketi kikundini alijua kwamba kusikia vizuri kulitegemea umbali wake na redio.

Kwa sababu hiyo tuliona yafaa wanafunzi wa kidato cha tatu wajitengenezee hedifoni, yaani spika ndogo za kuvaa masikioni, katika somo la sumaku na umeme. Makala haya hayakusudii kueleza utengenezaji peke yake. Kusudi letu kubwa ni kueleza jinsi ya kuupima mlio wake. Tumegundua kwamba kazi ya mikono isiyopimwa huishia kwenye shangwe: mwanafunzi husema, "Inalia!", mwalimu humpigia makofi, na somo hufungwa kabla fizikia haijaanza.

Kifaa chenyewe

Kazi ya namna hii ina historia ya heshima. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, aliunda hedifoni jikoni kwake, na jeshi la majini la nchi yake likazinunua. Wanafunzi wapende kujua kwamba chombo kinachouzwa leo katika kila duka la simu kiliwahi kuundwa juu ya meza ya chakula.

Mahitaji yetu ni machache. Sumaku hutoka katika spika mbovu ya redio, na waya mwembamba wa shaba uliopakwa vanishi hutoka katika transfoma ndogo iliyoungua. Mafundi redio huwa navyo vyote viwili katika sanduku la vyuma vikuukuu. Kiwambo, ambacho kazi yake ni kama ya ngozi ya ngoma, hukatwa kutoka katika plastiki nyembamba ya chupa ya maji. Kopo la rangi ya viatu huwa nyumba ya vitu hivyo. Waya huzungushwa mara 200 kwenye kijiti cha duara chenye kipenyo cha sentimita 2.5, kisha koili hiyo hugandishwa katikati ya kiwambo. Sumaku hukaa nyuma ya koili, karibu nayo bila kuigusa. Mkondo wa umeme unaobadilika ukipita katika koili, koili huvutwa na kusukumwa na sumaku, kiwambo hutetemeka, na hewa iliyo mbele yake hutetemeka pamoja nacho.

Kabla ya kusikiliza, wanafunzi wakokotoe. Mizunguko 200 ya kipenyo hicho huhitaji waya wa mita 15.7 hivi. Waya wa shaba wenye unene wa milimita 0.1 una ukinzani wa karibu omu 2.2 kwa kila mita. Hivyo koili nzima itakuwa na omu 34 hivi. Waipime kwa mita ya umeme. Ikiwa mita inaonyesha omu 3, vanishi imechubuka na mizunguko inagusana. Ikiwa haionyeshi kitu, waya umekatika. Hesabu hiyo ndogo huokoa saa nzima ya kubahatisha. Tahadhari moja isisahauliwe: hedifoni hizi zisiunganishwe kamwe na umeme wa ukutani. Chanzo chake kiwe redio ya betri au simu isiyokuwa kwenye chaji, na sauti ianzie chini kabisa.

Tunapima nini?

Mwanafunzi akiulizwa kama hedifoni yake ni nzuri, hujibu kwa neno moja. Yafaa mwalimu amwongoze aligawe swali hilo katika matatu. Je, kifaa kinatoa sauti kubwa kiasi gani kwa umeme uleule? Je, kinatoa milio minene na myembamba kwa usawa? Je, maneno yanasikika kama yalivyosemwa? Kila swali lina kipimo chake.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Jina hilo limetokana na Alexander Graham Bell, ambaye kabla ya kuwa mvumbuzi wa simu alikuwa mwalimu wa viziwi. Kwa darasa yatosha kukumbuka mambo mawili: shinikizo la sauti likizidishwa mara 2, kipimo hupanda desibeli 6, likizidishwa mara 10, hupanda desibeli 20.

Sikio la kopo

Hedifoni haipimwi kwa kuiweka mezani, kwani inapovaliwa hufungia hewa kidogo kati yake na sikio, na hewa hiyo ni sehemu ya chombo. Wataalamu hutumia sikio la bandia lenye nafasi ya sentimita 6 za ujazo. Sisi tulikata kipande cha bomba la maji chenye kipenyo cha ndani cha sentimita 2 na urefu wa sentimita 1.9. Wanafunzi wakikokotoa ujazo wa mcheduara huo watapata karibu 6. Upande mmja wa bomba hukaa hedifoni. Upande wa pili huzibwa kwa duara la mpira lililokatwa katika kandambili, lenye tundu dogo katikati linaloelekezwa kwenye maikrofoni ya simu.

Tunatumia simu mbili za walimu. Ya kwanza hutoa milio isiyobadilika: mitetemo 250, 500, 1000, 2000 na 4000 kwa sekunde. Ya pili ina programu ya kupima sauti. Mwalimu asiiamini namba ya simu kama hukumu ya mwisho, kwa kuwa simu hazikusawazishwa kuwa vipimo vya maabara. Lakini tofauti kati ya namba mbili zilizopatikana kwa simu ileile, mlio uleule na kopo lilelile ina maana. Kwa hiyo tunaanza na hedifoni ya dukani yenye ukinzani unaokaribia wa yetu, tunaandika vipimo vyake, kisha tunaweka ya mwanafunzi bila kugusa kitu kingine. Tuseme ya dukani imeonyesha 74 na ya mwanafunzi 62. Tofauti ni desibeli 12, maana yake hedifoni ya mwanafunzi imetoa robo ya shinikizo la mwenzake.

Kila kipimo kirudiwe mara tatu, na hedifoni iondolewe na kurudishwa kila mara, ili wanafunzi waone jinsi mkono wao wenyewe unavyoyumbisha namba. Kelele ya darasa nayo ipimwe kabla ya kuanza. Ikiwa haiko chini ya mlio wetu kwa desibeli 10 au zaidi, tusubiri mvua ipungue.

Kipimo kinapomkosoa fundi

Katika darasa letu kikundi kimoja kilipata mlio hafifu. Wote walitoa shauri moja: tuongeze mizunguko ya waya. Hatukuwakataza, tuliwataka wafikiri kwanza. Mizunguko ikiwa maradufu kwa waya uleule, ukinzani nao huwa maradufu, na mkondo kutoka chanzo kilekile hupungua kwa nusu. Mizunguko mara mbili kwa nusu ya mkondo huleta nguvu ileile. Kazi yote ya kuzungusha waya ingekuwa ya bure.

Tukarudi kwenye vipimo. Hedifoni yao ilipungukiwa sana kwenye mlio wa 250, lakini kwenye 2000 ilikaribiana na za wenzao. Tulipoibana kwa kidole juu ya bomba, namba ya 250 ilipanda mara moja. Kosa lilikuwa mdomo wa kopo, ambao haukukaa sawasawa, hewa ikapenya pembeni, na milio minene ndiyo inayopotea kwanza hewa inapovuja. Pete ya mpira wa kandambili ilimaliza tatizo. Kama tungalitegemea masikio peke yake, kikundi hicho kingalizungusha waya wiki nzima.

Kipimo cha maneno

Namba haziwezi kutuambia kama somo litaeleweka. Kwa hiyo tulirekodi maneno 20 yaliyochaguliwa katika jozi zinazokaribiana: saba na shaba, zana na dhana, samani na thamani, fua na vua, sina na shina. Msikilizaji ana karatasi yenye jozi hizo, naye hutia alama kwenye neno alilolisikia. Mwenzake huunganisha hedifoni nyuma ya mgongo wake, ili asijue kama amevaa ya dukani, ya kwake, au ya mshindani wake. Sharti hilo lisipuuzwe, kwani kila mtu husikia vizuri kwa kifaa alichokitengeneza mwenyewe.

Hapa pana somo la hesabu pia. Kwa kuwa kila swali lina majibu mawili, mtu anayebahatisha hupata karibu 10 kati ya 20. Alama 10, basi, si nusu ya kusikia. Ni kutosikia kabisa.

Tulilojifunza sisi

Katika zoezi hilo mwanafunzi mmoja alipata alama 10 au 11 kwa kila hedifoni, hata ile ya dukani, ilhali wenzake wote walipanda walipovaa nzuri na kushuka walipovaa mbovu. Mwanzoni tulidhani ni ukaidi. Katika taarifa yake ya muhula uliotangulia sisi wenyewe tulikuwa tumeandika neno moja: "Hasikilizi." Tulipomwomba ahamishe hedifoni kutoka sikio la kushoto kwenda la kulia, alama zake zilipanda zikalingana na za wenzake. Alikuwa ameketi miezi mingi upande wa dirisha, sikio lake zima likiuelekea ukuta.

Kati ya hasikilizi na hasikii kuna silabi chache tu, lakini la kwanza ni shtaka na la pili ni haja ya msaada. Tulimhamisha kiti siku hiyohiyo, tukamwita mzazi wake na kumshauri ampeleke kwenye uchunguzi wa masikio, kama ule unaofanywa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi. Zoezi la darasani si uchunguzi wa daktari, na mwalimu asijifanye tabibu. Kazi yake ni kuiona dalili na kuipeleka panapohusika.

Tahadhari ya masikio

Kwa kuwa tunawavalisha vijana vyombo vya sauti, ni wajibu wetu kuwafundisha mpaka wake. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asizidishe wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa watoto, kiwango ni 75 kwa muda huohuo. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda wa usalama hupungua kwa nusu: kwenye 83 mtu mzima ana saa 20, na kwenye 86 ana 10. Wanafunzi wachore jedwali hilo na kulibandika ukutani, kwa maana wengi wao huvaa spika za masikioni njiani na nyumbani bila ya mwalimu kuwepo.

Hitimisho

Somo hili huchukua vipindi vinne: kimoja cha kutengeneza, kimoja cha kupima kwa kopo, kimoja cha maneno, na cha mwisho cha kujadili. Mwalimu mwenye haraka atavutwa kukiacha kile cha mwisho. Tunamsihi asikiache, kwani ndipo mwanafunzi husimama mbele ya wenzake na kueleza kwa nini namba yake iko chini, nini alichodhani, na nini alichokikuta. Sisi walimu nasi tuwe tayari kusimama hivyohivyo. Kipimo tulichokiandaa kwa ajili ya makopo ya rangi ya viatu kilitupima sisi, nacho kilionyesha kwamba tulikuwa tumetoa hukumu kabla ya kusikia.