Nguruwe Bandani, Mfugaji Mbele ya Kamera

Katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, na vilevile wilayani Mbulu, nguruwe ni akiba ya kaya. Huuzwa pale ada ya shule au gharama ya matibabu inapohitaji fedha za haraka. Mnyama huyohuyo, akiachwa azurure, huingia katika mzunguko wa tegu wa nguruwe, kimelea ambacho Shirika la Afya Duniani hukihesabu kuwa chanzo cha takriban asilimia 30 ya visa vya kifafa katika maeneo mengi kilikoenea.

Nguruwe hula kinyesi cha mtu mwenye tegu, na mayai yaliyomo huishia ndani ya nyama yake yakiwa vijifuko vyeupe. Mtu anayekula nyama hiyo ikiwa haijaiva hupata tegu tumboni. Ubongo, hata hivyo, hudhurika kwa njia nyingine: mtu anapomeza mayai ya tegu kutoka kwenye mikono, maji au mboga zilizochafuliwa na kinyesi cha binadamu. Kwa hiyo hata asiyewahi kuonja nyama ya nguruwe anaweza kupata kifafa cha aina hii.

Ushauri wa kitaalamu ni ule ule: jenga choo na ukitumie, fungia nguruwe bandani, pika nyama hadi iive. Mabango husema hivyo, na wataalamu husema hivyo. Swali la mfugaji ndilo lisilojibiwa: nguruwe aliyefungiwa atakula nini? Wafugaji wengi huwafungia wakati wa kilimo ili wasiharibu mazao, kisha huwaachia baada ya mavuno wajitafutie. Si ujinga huo. Ni hesabu ya pumba.

Hapo ndipo video iliyotengenezwa pamoja na wafugaji inapolizidi bango. Nchini India, mradi wa Digital Green, uliochipuka katika kituo cha utafiti cha Microsoft mjini Bangalore, uliwarekodi wakulima wakifanya kazi mashambani mwao na kuwaonyesha wakulima wenzao. Katika jaribio la miezi 13 lililohusisha vijiji 16, nusu yake vikiwa vya kulinganishia, baadhi ya mbinu zilipokelewa mara 7 zaidi kuliko kwa ugani wa kawaida. Swali la kwanza la watazamaji, kwa maelezo ya waanzilishi, lilikuwa jina la mkulima yule na kijiji anachotoka.

Kwa mfugaji wa nguruwe, video ya namna hiyo haina budi kuanzia kwenye hori. Mama anayefuga bandani mwaka mzima aonekane akichanganya pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, akikata majani ya viazi vitamu, akitaja bei aliyonunulia na bei aliyouzia. Daktari hawezi kuyasema hayo kwa mamlaka ile ile, hata akijaliwa ufasaha.

Lakini kumpa mfugaji nafasi ya kusema si kupokea kila neno lake. Akieleza kwamba nyama yenye vijifuko hufaa kuuzwa baada ya kukatwa sehemu zinazoonekana, ofisa mifugo hana budi kumsahihisha hapo hapo, kabla ya kurekodi tena. Vivyo hivyo kuhusu dawa: prazikwanteli huondoa tegu tumboni, lakini kwa mtu mwenye vijifuko katika ubongo inaweza kuchochea degedege. Video isimhimize mwenye kifafa kujitibu, imwelekeze kituoni. Wala asirekodiwe mgonjwa akiwa ameanguka. Fedheha inayouandama ugonjwa huu vijijini ni kubwa tayari, na picha ya simu husafiri mbali kuliko aliyeipiga anavyodhani.

Video pekee nayo haitoshi. Huko India kulikuwa na mwezeshaji wa kijijini aliyeisimamisha, akauliza maswali na kupokea ubishi. Kazi hiyo yaweza kufanywa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii akiwa pamoja na ofisa mifugo, kwa simu janja au projekta ndogo, maana mmoja ataulizwa kuhusu degedege na mwingine kuhusu pumba katika kikao kimoja. Wakati unaofaa ni kabla mavuno hayajakamilika, nguruwe wangali bandani na mabua yangali shambani.