Pakiti ya Chumvi Inakaa Siku Ngapi Nyumbani Kwako?

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma, nenda jikoni. Tazama chombo cha chumvi. Jiulize: chumvi hii ilinunuliwa lini? Tunaila watu wangapi? Itakwisha lini?

Kama hujui, usione haya. Mimi ni tabibu msaidizi, kazi ambayo zamani iliitwa mganga msaidizi wa vijijini. Nina cheti cha kazi hiyo. Lakini miaka miwili iliyopita nisingeweza kujibu maswali hayo hata kwa jiko langu mwenyewe. Aliyenifundisha kuyauliza ni mama mmoja wa kijiji chetu, hapa mkoani Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika.

Mume wake alikuwa mvuvi. Alikuwa na umri wa miaka 58 na nguvu nyingi. Samaki wakubwa aliwapasua, akawapaka chumvi na kuwaanika kwenye chanja. Asubuhi moja alikuwa akivuta mtumbwi ufukweni pamoja na wanawe. Mara mkono wa kushoto ukalegea. Mdomo ukaenda upande. Akaanguka mchangani.

Baadhi ya ndugu walisema amerogwa, kwa sababu wiki ile aligombana na mtu juu ya nyavu. Siku mbili zikapotea katika maneno hayo. Siku ya tatu wakamleta zahanati. Nilimpima. Namba ya juu ilikuwa 210, namba ya chini 120.

Mtu mzima akipimwa ikaonekana 140 kwa 90 au zaidi, na akipimwa siku nyingine ikawa hivyo hivyo, tunasema ana shinikizo la damu. Wengi huita presha. Mzee huyu presha yake ilikuwa imepita mbali sana, na tayari alikuwa amepata kiharusi. Maana yake mshipa wa damu katika ubongo umeziba au umepasuka. Tulimpeleka hospitali kwa boti. Hakufa, tunashukuru. Lakini mpaka leo mkono wake haushiki wavu.

Aliporudi nyumbani nilikwenda kumtazama. Mkewe aliniuliza, "Mwanangu, mzee huyu hakuwahi kulala kwa kuumwa hata kichwa. Hiyo presha iliingia lini?"

Ni swali zuri. Presha haibishi hodi. Mtu anaweza kukaa nayo miaka mingi akilima, akivua na kucheza ngoma, bila kuona dalili yoyote. Duniani, karibu nusu ya watu wazima wenye presha hawajui kwamba wanayo. Hapa Tanzania, uchunguzi wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kati ya watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, karibu mmoja katika kila wanne alikuwa na presha ya juu. Wapo wanaosema huu ni ugonjwa wa mabwana wa mjini. Mimi naona wanakuja zahanati na jembe begani.

Chumvi inafanya nini mwilini

Wavuvi wanajua jambo hili kuliko sisi matabibu. Ukimpaka samaki chumvi, baada ya muda mfupi unaona maji yanatoka. Chumvi huvuta maji. Ndani ya mwili wetu pia huvuta maji.

Mwili unahitaji chumvi, lakini kidogo. Inayozidi hutolewa na figo kwa njia ya mkojo. Tukila nyingi kila siku, figo hushindwa kuitoa yote upesi. Chumvi inayobaki hushika maji ndani ya damu. Damu inaongezeka, lakini mishipa ni ile ile. Basi moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Miaka ikipita hivyo, mishipa hukakamaa na kuharibika. Hapo ndipo wengine hupata kiharusi, wengine moyo hushindwa kazi, na wengine figo hufa.

Si kila presha inaletwa na chumvi. Uzee, kurithi kwa wazazi, unene, pombe na kutofanya kazi za mwili huchangia. Tumbaku nayo huharibu mishipa. Lakini umri huwezi kuupunguza. Chumvi iko mkononi mwa mpishi.

Jirani zetu wa Kenya waliona jambo hili vizuri. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1990, wataalamu waliwafuata Waluo waliotoka vijijini karibu na Ziwa Viktoria, ambako presha ilikuwa ya chini, wakahamia Nairobi. Waliwalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Presha za waliohama zilipanda katika miezi ya mwanzo tu. Mkojo wao ulionyesha kwamba chakula kimebadilika: sodiamu, ambayo ndiyo sehemu ya chumvi inayopandisha presha, ilikuwa imezidi ikilinganishwa na potasiamu, madini yanayopatikana katika mboga za majani, ndizi na maharage. Watu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni maisha na sahani.

Swali lililonishinda

Siku ile nilimwambia yule mama, kama nilivyozoea kuwaambia wagonjwa wote, "Mama, punguzeni chumvi."

Akanitazama. "Tupunguze kutoka ngapi mpaka ngapi?"

Nikakosa la kusema. Jioni nilifungua madaftari yangu ya chuo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chumvi pungufu ya gramu 5 kwa siku. Hiyo haifiki kijiko kimoja kidogo cha chai kilichosawazishwa juu. Kumbuka, ni kwa siku nzima, na kwa vyakula vyote: mchuzi, mboga, samaki, mihogo na maandazi.

Lakini nani anapika chungu cha mtu mmoja? Mpishi anapikia watu sita, tena anatia kwa vidole. Ndipo nilipofikiri juu ya pakiti. Pakiti ya chumvi imeandikwa uzito wake. Siku tunazihesabu wenyewe. Anayejua kugawanya anaweza kufanya hesabu hii.

Nilirudi kwa yule mama na kalamu. Nyumbani kwake wanakula watu sita: yeye, mzee, vijana wawili, mkamwana na mjukuu wa miaka 4. Mjukuu anahitaji pungufu ya mtu mzima, lakini tulimhesabu kamili ili hesabu iwe rahisi. Tuliandika hivi. Gramu 5 mara watu 6 ni gramu 30 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo ina gramu 500. Gramu 500 gawanya kwa 30 ni siku 16 na kidogo. Kwa hiyo nyumba ya watu sita, pakiti ya nusu kilo ikikwisha kabla ya siku 16, chumvi imezidi.

"Yetu inakwisha siku ngapi?" nikauliza. Mkamwana akajibu kwamba hununua kila siku ya gulio, na gulio letu ni kila baada ya siku 8. Gramu 500 kwa siku 8, watu sita: kila mtu zaidi ya gramu 10 kwa siku. Mara mbili ya kipimo! Na hapo hatukuhesabu chumvi iliyomo ndani ya samaki wa chumvi. Chumvi ya kupakia samaki wa kuuza waliiweka mbali, katika gunia lake, kwa hiyo haikuvuruga hesabu.

Fanya hesabu hii kwako. Nyumba ya watu wanne, nusu kilo isikwishe kabla ya siku 25. Watu watano, siku 20. Watu wanane, siku 12 na nusu. Siku unapofungua pakiti, andika tarehe juu yake kwa kalamu au kwa mkaa. Kama mnakula sana samaki wa chumvi, pakiti inapaswa kukaa siku nyingi zaidi ya hizo.

Ilikokuwa imejificha

Mchana ule walinikaribisha chakula. Ugali ulipowekwa na mboga, nikanyoosha mkono nikaomba chumvi. Sikuwa nimeonja. Yule mama akacheka mpaka akafuta machozi. "Dokta, unaomba kijiko chako cha kesho?" Nilirudisha mkono. Tangu siku ile, kwangu chumvi haikai mezani, nami nawashauri wengine wafanye hivyo.

Tulitafuta chumvi ilikuwa inaingilia wapi. Ya kwanza ni ile ya mezani. Ya pili ni samaki wa chumvi, ambao walipikwa bila kulowekwa, kisha mchuzi ukatiwa chumvi tena. Samaki hao waloweke katika maji mengi, mwaga maji, loweka mara ya pili, na mchuzi wao usiutie chumvi yoyote. Dagaa walioanikwa juani bila chumvi ni bora zaidi, na sisi wa Kigoma tunao.

Ya tatu ilinishangaza, maana sikuwa nimeifikiria: magadi. Mkamwana aliyatia katika maharage yaive upesi. Magadi yana sodiamu, ile ile ya chumvi. Ukiloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yale, yanaiva upesi bila magadi. Viungo vya paketi vinavyotiwa kwenye mchuzi navyo vina chumvi nyingi. Ukivitia, usiongeze chumvi nyingine. Uji wa mtoto mchanga, aliye chini ya mwaka mmoja, usitiwe chumvi kabisa.

Vijana walilalamika kwamba mboga itakuwa kama maji. Mama yao akawajibu, "Ugali hautiwi chumvi, mbona mnaula kila siku?" Hata hivyo hakuwaadhibu. Alipunguza kidogo kidogo, kwa muda wa wiki kadhaa, kwa sababu ulimi hujifunza. Alitia ndimu, vitunguu, nyanya, tangawizi na karanga zilizotwangwa. Chumvi alianza kuitia mwisho, chungu kikikaribia kuepuliwa, kisha akaonja.

Msiiache chumvi yenye madini joto

Baada ya habari hii kuenea kijijini, mtu mmoja alikuja kuniambia ameacha chumvi kabisa. Hapana. Zamani watu wengi wa nyanda za juu, kama Iringa, Mbeya na Rukwa, walikuwa na rovu, yaani uvimbe wa tezi shingoni, kwa kukosa madini joto. Upungufu huo kwa mama mjamzito huweza kumdhuru mtoto akili. Ndiyo sababu tangu miaka ya 1990 chumvi ya kula inatakiwa kutiwa madini hayo. Kula kidogo, lakini hicho kidogo kiwe na madini joto. Soma maandishi ya pakiti. Ifunike vizuri, mbali na jua na unyevu.

Najua kwa watu wa mkoa huu chumvi ni fahari. Maji ya chumvi ya Uvinza yamechemshwa kwa zaidi ya miaka 1000, na wasafiri walitoka mbali kuinunua. Fahari hiyo ibaki. Lakini chumvi ya kienyeji isiyotiwa madini joto haitoshi kwa mlo wa nyumbani.

Jambo jingine ni dawa. Aliyeandikiwa vidonge vya presha asiviache kwa sababu amepunguza chumvi, wala kwa sababu anajisikia mzima. Mzee wetu naye alijisikia mzima. Vidonge na chumvi kidogo huenda pamoja. Na mtu mzima ambaye hajawahi kupimwa aje zahanati. Kipimo hakiumi na hakichukui muda mrefu.

Mwezi uliopita nilipita tena kwa yule mama. Pakiti ilikuwa imetundikwa ukutani, mbali na moshi. Yeye alijifunza kuandika ukubwani, katika darasa la kisomo, na herufi zake ni kubwa. Alikuwa ameandika: IMEFUNGULIWA TAREHE 3. Siku hiyo ilikuwa tarehe 21, na chumvi ilikuwa bado ipo, kama vijiko vitano au sita. Nilimpima mzee, nikapata 138 kwa 86. Vidonge vyake amemeza vyote. Aliniambia mchuzi wa mkewe bado haujamkolea vizuri, kisha akaomba aongezwe.