Maduka ya Katikati ya Nairobi: Yafaa Ukweli Usemwe

Zamani mtu aliyetoka shamba kwenda Nairobi alijua mahali pa kununua kila kitu. Vitambaa alivitafuta Biashara Street, redio Luthuli Avenue, na vitu vya bei rahisi River Road. Barabara hizo zingali zimejaa watu tangu alfajiri hata usiku. Lakini wenye maduka wengi hulalamika kwamba wapitao ni wengi na wanunuao ni wachache.

Shida hii haikuzuka siku moja. Sarit Centre ilipofunguliwa Westlands mwaka 1983, wenye magari waliona kwamba yawezekana kununua mahitaji yote chini ya paa moja, na mahali pa kuweka gari papo hapo. Majumba ya namna hiyo yakaongezeka: Village Market mwaka 1995, Garden City mwaka 2015, na Two Rivers mwaka 2017. Ofisi nyingi nazo zilihamia Upper Hill na Westlands, zikaondoka na wale waliokuwa wakinunua chakula cha mchana na viatu vya kazi. Hoteli ya InterContinental ilifungwa mwaka 2020. Hilton, iliyofunguliwa mwaka 1969, ilifunga milango mwisho wa mwaka 2022. Kisha siku za maandamano, tarehe 25 Juni 2024 na tarehe 25 Juni 2025, wezi walivunja maduka wakapora mali. Aliyenunua bidhaa kwa mkopo hubaki na deni tu.

Ukiuliza kosa ni la nani, kila mtu humwonyesha jirani yake kidole. Mwenye duka husema kwamba mchuuzi ametandika bidhaa mlangoni pake, wala halipi kodi ya nyumba. Hayo ni kweli. Lakini wako wenye maduka ambao humpa mchuuzi huyo huyo mali yao ili awauzie nje.

Mchuuzi husema kwamba askari wa jiji, wale waitwao kanjo, humfukuza na kumnyang'anya bidhaa zake. Hayo pia ni kweli, naye ana watoto wa kulisha. Lakini njia ya miguu si mali yake, na mama mwenye mtoto mgongoni hana budi kushuka barabarani penye magari. Soko la Muthurwa lilijengwa ili wachuuzi wapate mahali pao, na wengi walirudi mjini kwa sababu wanunuzi hawakuwafuata huko.

Mwenye nyumba husema biashara ni mbaya. Hata hivyo duka moja hugawanywa kuwa vibanda vingi vidogo, na mpangaji hudaiwa fedha nyingi za kuingilia, ziitwazo gudwili, kabla hajauza hata shati moja.

Watawala wa jiji husema watu hawatii amri. Lakini amri isiyotayarishwa vema haitiiki. Mwezi wa Desemba 2018 matatu zilikatazwa kuingia katikati ya jiji. Maelfu ya watu walilazimika kutembea kwa miguu mwendo mrefu, na amri ikasimamishwa upesi. Mnunuzi naye hana haki ya kujiona hana kosa: hununua kando ya njia, hutupa taka hapo hapo, kisha hunung'unika kwamba mji ni mchafu.

Si kwamba mambo hayawezi kutengenezwa. Luthuli Avenue ilifanyiwa matengenezo mwaka 2019: njia za miguu zilipanuliwa, na magari yakapunguziwa nafasi. Lakini njia pana bila utaratibu hujaa vibanda tena.

Kwa hiyo yafaa watu hao wote wakae pamoja, na kila mmoja aanze kwa kutaja kosa lake mwenyewe. Mwenye nyumba atoe risiti ya kila shilingi anayopokea. Mchuuzi apewe mahali na saa zinazojulikana, naye azishike. Watawala waonyeshe wazi ni taa gani, vyoo gani na mifereji gani iliyolipiwa kwa fedha za leseni. Mwenye duka aache kuuza kwa mlango wa nyuma huku akilalamika mbele.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Duka likifungwa, si mwenyewe peke yake apatwaye na hasara. Mtumishi wake, mchukuzi wa mizigo na mama muuza chai hulala njaa pamoja naye.