Maji Yanapandaje Mlima?



Wazee wetu husema maji hayapandi mlima. Nilipolitaja neno hili darasani, mtoto mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, sisi tunakaa ghorofa ya kumi, mbona maji yanatufikia?" Swali zuri. Sikumjibu siku ile. Jumamosi iliyofuata nilileta ndoo nne, tukaenda kwenye ngazi.

Ndoo ya kwanza, iliyojaa, tuliiweka chini kabisa. Ya pili na ya tatu zilikaa katikati, ya nne juu. Watoto watatu wakapewa vikombe na kuambiwa: wewe ni pampu, chota kutoka ndoo iliyo chini yako, mimina katika iliyo juu yako. Mara ya kwanza sikuwapa kanuni yoyote. Mnajua kilichotokea! Pampu ya chini ilikuwa kijana mwenye nguvu, akaijaza ndoo ya pili hadi ikamwagika ngazini. Pampu ya juu naye alikuwa anakwangua ndoo tupu.

Basi tukabandika utepe kila ndoo, alama moja karibu na ukingo na nyingine karibu na kitako. Kanuni ikawa hii: anza kuchota maji ya ndoo yako ya chini yakifika alama ya juu, acha yakishuka hadi alama ya chini. Na hata kama unayo maji ya kuchota, ukiona ndoo unayomiminia imefika alama yake ya juu, simama. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyemwagiwa. Kila mmoja aliangalia ndoo mbili tu, na maji yakafika juu.

Kwa nini alama mbili, na si moja? Kwa sababu kwa alama moja ungechota kikombe kimoja, usimame, uanze tena, usimame tena. Mota ya umeme ikiwashwa huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaotumia ikiwa imeshika mwendo. Ukiiwasha na kuizima kila dakika inapata joto mpaka inaungua.

Pampu za kweli hazina macho, zina boya. Boya huelea ndani ya tangi. Maji yakipanda linapanda nalo na kugusa swichi. Pale ambapo hakuna tangi katikati, yaani pampu moja inamsukumia mwenzake moja kwa moja bombani, utaratibu ni mkali zaidi. Ya chini huanza kwanza. Ya juu husubiri mpaka maji yafike kwake kwa nguvu ya kutosha. Ya chini ikizimika, ya juu lazima izime papo hapo. Umeme ukikatika na kurudi (wakazi wa Durban, hili hatuhitaji kufundishwa) pampu zote zisiwake kwa mpigo. Kila moja hupewa sekunde zake za kusubiri. Tena kila bomba linalopanda lina valvu ya kuzuia maji kurudi, maana maji yakirudi kwa kishindo yanaweza kupasua bomba.

Mzazi mmoja aliuliza kwa nini tusiweke pampu moja kubwa tu. Kila mita 10 za kwenda juu zinaongeza uzito wa maji sawa na mgandamizo wote wa hewa unaotuzunguka. Kilima cha mita 200 kinadai bomba la chini livumilie mara 20 ya hapo. Kupandisha kwa hatua kunapunguza mzigo huo.

Hapa KwaZulu-Natal tunao mfano mkubwa, milima ya Drakensberg. Maji ya mto Thukela husukumwa kwa hatua hadi bwawa la Kilburn, kisha yanapandishwa zaidi ya mita 400 hadi Driekloof na Sterkfontein, upande wa pili wa milima. Mtambo huo wa Eskom, uliokamilika mwaka 1981, una mashine nne za megawati 250 kila moja. Watu wakilala na umeme ukibaki, mashine zinapandisha maji. Jioni wote wakipika, maji yanaachiwa na mashine zilezile, zikizunguka kinyume, zinazalisha umeme. Sehemu ya maji haishuki tena, huelekea mto Vaal. Kwa hiyo ndugu zetu wa Johannesburg wanakunywa maji ambayo yangeishia baharini huku kwetu! Na wenye jamaa Kampala wanakijua kilima cha Muyenga, chenye matangi yanayopokea maji ya Ziwa Victoria kutoka Ggaba.

Mimi ni nesi, nitawaambia kwa nini jambo hili linanigusa. Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali moja niliyofanyia kazi, maji ya mjini yalikatika usiku. Boya la tangi la chini lilikuwa limekwama, likawa linasema "maji yapo". Pampu ikazunguka kavu mpaka ikaungua. Kulikuwa na pampu ya akiba. Ikawaka yenyewe, ikaungua nayo, kwa sababu zote mbili zilitegemea boya lile lile. Hadi asubuhi tulinawa mikono kwa maji ya madumu, tukipimiana kwa kikombe, na mengi tukawaachia wakunga wa chumba cha kujifungulia.

Kazi ya nyumbani: wewe na mzazi wako mwulizeni mlinzi au fundi wa jengo lenu tangi liko wapi, pampu ni ngapi, na kila pampu ina boya lake au zinachangia moja. Msiguse kisanduku cha umeme. Majibu mlete Jumamosi, kwa Kiswahili.