Gari na pikipiki ya umeme mpakani: Namna ya kuzuia betri isile faida yako

Mwezi Januari mwaka 2022, malori ya mafuta yalikwama kwa siku kadhaa katika vituo vya mpakani vya Malaba na Busia, baada ya madereva kupinga sharti la kupimwa Uviko-19 kabla ya kuingia Uganda. Petroli iliadimika, bei ikapanda maradufu katika baadhi ya maeneo, na waendesha bodaboda wengi wakalazimika kuegesha pikipiki zao. Hali kama hiyo ilikuwa imeshuhudiwa mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati ghasia za baada ya uchaguzi nchini Kenya zilipofunga barabara ya kutoka Mombasa.

Umeme, kwa upande wake, hauji kwa lori. Uganda huuzalisha zaidi kwa maji ya Mto Nile: Jinja tangu mwaka 1954, Bujagali tangu 2012, na Karuma, bwawa lenye uwezo wa megawati 600 lililozinduliwa rasmi mwaka 2024. Tororo yenyewe ina kituo cha umeme wa jua cha megawati 10, na njia ya umeme inayopitia hapo imeziunganisha Uganda na Kenya tangu miaka ya 1950. Ndiyo maana wakazi wa Busia, Tororo, Malaba na vijiji kama Lunyo wanaanza kuuliza kuhusu pikipiki na magari ya umeme.

Jibu fupi ni kwamba vyombo hivi vinaweza kuleta nafuu kubwa, ila nafuu hiyo imo ndani ya betri. Anayeijua betri yake hubaki na faida. Asiyeijua huirudisha faida yote dukani siku anapolazimika kununua nyingine. Makala haya yanaeleza mambo ambayo mmiliki, au anayekusudia kuwa mmiliki, anapaswa kuyafahamu.

Piga hesabu yote, usiishie nusu

Wauzaji wengi hulinganisha bei ya petroli na bei ya umeme, kisha huishia hapo. Tuchukue mfano wa pikipiki ya abiria inayotumia lita 2.5 za petroli kwa kilomita 100. Tukisema lita moja ni shilingi 5,000 za Uganda, mwendo huo unagharimu shilingi 12,500. Pikipiki ya umeme hutumia takriban uniti 4 kwa umbali huohuo. Tukiongeza umeme unaopotea wakati wa kuchaji, mita itasoma uniti 4.6 hivi. Kwa bei ya mfano ya shilingi 800 kwa uniti, hiyo ni shilingi 3,680. Dereva ameokoa shilingi 8,820.

Sasa tuiingize betri katika hesabu. Tuseme betri mpya ni shilingi milioni 3. Ikitunzwa vibaya na kufa baada ya kilomita 30,000, kila kilomita 100 zimekula shilingi 10,000 za betri. Nafuu yote imetoweka na dereva amepata hasara. Betri ileile ikidumu kilomita 60,000, gharama yake inashuka hadi shilingi 5,000 kwa kilomita 100, na dereva anabaki na shilingi 3,820 mfukoni. Hapo hatujahesabu mafuta ya injini, plagi na klachi ambazo pikipiki ya umeme haina. Weka bei halisi za kwako katika hesabu hii kabla ya kutia saini mkataba wowote.

Betri ni ya nani?

Kuna njia mbili za kumiliki pikipiki ya umeme. Katika njia ya kwanza, dereva hununua pikipiki bila betri, na betri hubaki mali ya kampuni. Chaji inapokwisha, huenda kituoni, akakabidhi betri tupu na kupewa iliyojaa kwa dakika chache. Kampuni kama Zembo na Spiro nchini Uganda, na Ampersand nchini Rwanda na Kenya, zimejenga biashara zao juu ya mfumo huu. Njia ya pili ni kumiliki betri na kuichaji mwenyewe. Roam ya Nairobi, kwa mfano, huuza pikipiki ambayo betri yake huchomolewa na kuchajiwa nyumbani.

Kwa mkazi wa mpakani uamuzi huu una uzito wa pekee. Mfumo wa kubadilisha betri humwondolea dereva hofu ya betri kuchakaa, lakini humfunga kwenye mtandao wa kampuni moja. Kabla ya kuchagua, uliza maswali matatu. Kituo cha karibu kiko umbali gani kutoka unakofanyia kazi? Je, betri ya kampuni inaruhusiwa kuvushwa mpaka? Na je, ukiivusha, kuna kituo cha kampuni hiyo upande wa pili? Majibu yawe kwenye mkataba, si mdomoni mwa mchuuzi.

Jua umbali wako halisi

Umbali unaotangazwa na mtengenezaji hupimwa katika hali nzuri: mtu mmoja, barabara tambarare, mwendo wa wastani. Anayebeba abiria wawili, au samaki kutoka Majanji hadi sokoni Busia, hafiki mbali hivyo. Betri ya uniti 3 kwenye pikipiki inayotumia uniti 4 kwa kilomita 100 itakwenda kilomita 75. Ukiacha akiba ya asilimia 20, zinabaki kilomita 60 za kazi.

Njia bora ya kujua ni kupima mwenyewe. Kwa siku saba andika kilomita ulizotembea na asilimia ya chaji iliyotumika. Pima siku ya mizigo mizito, siku ya mvua na siku ya barabara ya vumbi. Tarakimu ndogo kuliko zote katika wiki hiyo ndiyo ya kupangia safari za mbali, hasa za vijijini kama Lunyo, ambako kukwama bila chaji ni kupoteza mapato ya siku nzima.

Mwendo nao una bei yake. Upepo unaoikinza pikipiki huongezeka haraka kuliko kasi yenyewe, hivyo kupunguza mwendo kidogo kwenye barabara kuu huongeza kilomita nyingi. Magurudumu yenye upepo wa kutosha, mnyororo uliolainishwa na kuondoka taratibu badala ya kukurupuka, vyote huokoa chaji. Magari mengi ya umeme, na baadhi ya pikipiki, hurudisha sehemu ya umeme kwenye betri unapoachia mafuta au kufunga breki taratibu. Anayeona mbele na kupunguza mwendo mapema hufaidika zaidi.

Joto ni adui wa kwanza

Mchana katika Busia na Tororo joto hukaribia nyuzi 30, na chombo kilichoegeshwa juani hupata joto zaidi ya hapo. Joto huzeesha betri ya lithiamu hata ikiwa haitumiki, na huizeesha zaidi inapokuwa imejaa. Egesha kivulini. Ukifika nyumbani baada ya safari ndefu, iache betri ipoe kwa nusu saa hivi kabla ya kuichaji.

Usiizoeze betri kwisha kabisa. Kiasi cha usalama kwa matumizi ya kila siku ni kati ya asilimia 20 na 80, na ujaze kikamilifu pale tu unapokuwa na safari ndefu. Hata hivyo, betri si za aina moja. Zile za lithiamu yenye chuma na fosfati huvumilia kujazwa, na watengenezaji wengi hushauri zijazwe hadi mwisho mara kwa mara ili kipimo cha chaji kisidanganye. Muulize muuzaji betri yako ni ya aina gani, kisha ufuate kitabu cha mtengenezaji.

Soketi, nyaya na usalama wa nyumba

Kuchaji gari kwa soketi ya kawaida ni kuvuta umeme mwingi kwa saa nyingi mfululizo, jambo ambalo pasi au birika halifanyi. Nyaya nyembamba, soketi iliyolegea au kebo ya kuunganishia inaweza kuyeyuka na kuwasha moto. Mwite fundi umeme mwenye leseni akague nyaya, aweke swichi ya kinga ya pekee, na ahakikishe waya wa ardhi upo na unafanya kazi. Baada ya nusu saa ya kuchaji, gusa plagi kwa nje. Ikiwa ya moto, zima.

Tumia chaja iliyokuja na chombo chako. Chaja ya bei rahisi inayofanana nayo inaweza kusukuma umeme kuliko betri inavyostahimili. Betri ya pikipiki isichajiwe katika chumba cha kulala wala mlangoni, kwa kuwa ikishika moto itaziba njia ya kutokea. Dalili za hatari ni kuvimba, harufu kali, mlio au moshi. Ukiziona, wahamishe watu kwanza, kaa mbali na moshi wake ambao ni sumu, kisha uite msaada. Usimruhusu fundi wa redio kuifungua betri.

Umeme ukikatika, kuchaji husimama tu, hakuna madhara. Linaloweza kudhuru ni kurudi kwake kwa kishindo, hivyo chomoa chaja mpaka utulie. Wenye mita ya Yaka nao wahakikishe uniti zilizobaki zinatosha usiku kucha. Kwa upande wa Kenya, tangu mwaka 2023 kuna bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, ambayo ilipoanzishwa ilikuwa shilingi 16 za Kenya kwa uniti, na nusu yake katika saa za matumizi madogo. Uliza kampuni ya umeme kama unastahili kuunganishwa kwa bei hiyo.

Ukinunua gari lililotumika

Magari mengi ya umeme yanayoingia Afrika Mashariki hutoka Japani yakiwa yametumika, na Nissan Leaf ndilo maarufu zaidi. Betri yake haina mfumo wa kupoza kwa maji, kwa hiyo miaka ya joto huacha alama. Dashibodi huonyesha mistari 12 ya afya ya betri, tofauti na ile ya chaji. Gari lenye mistari 8 limebakiwa na takriban theluthi mbili ya uwezo wake. Modeli ya mwaka 2011, iliyokadiriwa Marekani kwenda kilomita 117 ikiwa mpya, sasa ingekwenda chini ya kilomita 80: haitoki Busia ikafika Kisumu bila kuchajiwa njiani.

Mistari hiyo yaweza kughushiwa. Baadhi ya wauzaji hufuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili mistari yote irudi kwa muda. Kinga yake ni programu ya simu iitwayo LeafSpy, ikiunganishwa na kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, pamoja na kuliendesha gari kwa kilomita 30 au zaidi ukihesabu chaji inavyoshuka. Kagua pia kebo: iliyotengenezwa kwa umeme wa Japani isichomekwe kabla fundi hajaithibitisha. Kumbuka umri nao: Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8, na sheria ya Uganda ya mwaka 2018 inakataza lenye miaka 15 au zaidi.

Karatasi kabla ya kuvuka

Tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilipofunguliwa rasmi mwaka 2018, ukaguzi wa nchi zote mbili hufanyika mahali pamoja. Masharti ya chombo hayabadiliki kwa kuwa ni cha umeme: beba kadi ya usajili, leseni, na bima inayotambulika upande wa pili, kama ile ya Kadi ya Njano ya COMESA. Ikiwa betri au chombo bado ni mali ya kampuni ya mkopo, beba barua inayokuruhusu kuvuka nacho, na uwaulize maofisa wa URA au KRA kuhusu kibali cha muda kabla hujaondoka nyumbani.

Kwa anayeanza leo, hatua ya kwanza haina gharama: chukua daftari, andika kwa wiki moja kilomita unazotembea na petroli unayonunua. Nambari hizo ndizo zitakazokuonyesha iwapo umeme unakufaa, na ni betri ya ukubwa gani uiulizie.