Bendi Kongwe Zinapoungana Tena: Sauti, Ziwa na Usalama wa Masikio

Miongoni mwa burudani zinazowavuta watu wa rika zote ni onyesho la bendi ya zamani ambayo wanamuziki wake, baada ya kutengana kwa miaka mingi, hupanda tena jukwaani pamoja. Ulaya na Marekani maonyesho ya namna hii hufanywa zaidi na bendi za muziki wa roki zilizovuma katika miaka ya 1960 na 1970. Kwa upande wa Afrika Mashariki, nafasi hiyo imeshikwa na bendi za muziki wa dansi. Katika maonyesho hayo yote hukutana mambo matatu: sauti inayosafiri hewani, sikio linaloipokea, na ubongo unaoikumbuka. Makala haya yanayaeleza mambo hayo kwa mifano ya jiji la Mwanza na ufuko wa Ziwa Viktoria, na yanaonyesha kwa nini onyesho la bendi kongwe lahitaji tahadhari ya pekee.

Kutengana na kukutana

Historia ya muziki wa dansi nchini Tanzania ni historia ya kuhama na kurudi. Bendi ya NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika, na jina la bendi lilibadilika: ikawa Juwata, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Mwaka 1978 iliundwa Mlimani Park Orchestra, ijulikanayo kwa jina la Sikinde, na baadhi ya wanamuziki wake, akiwamo mwimbaji Muhidini Maalim Gurumo, walitoka Juwata. Gurumo alipita tena katika bendi nyingine kabla ya kurejea Msondo, na alifariki dunia mwaka 2014. Kwa hiyo Msondo na Sikinde wanaposhindanishwa katika ukumbi mmoja jijini Dar es Salaam, watani hao wa jadi huwa pia ni ndugu waliokutana baada ya kuachana.

Kwa nini wazee huacha shughuli zao na kwenda kuwasikiliza wanamuziki wa zamani? Wanasaikolojia wameona kwamba mtu mzima hukumbuka zaidi mambo yaliyompata kati ya umri wa miaka 10 na 30, na kwamba nyimbo alizozisikia katika umri huo hushika kumbukumbu kwa nguvu kuliko zile za baadaye. Wimbo mmoja huweza kurudisha sura ya rafiki, harufu ya ukumbi au safari ya meli. Hata baadhi ya wagonjwa wazee waliopoteza sehemu kubwa ya kumbukumbu huweza kuutambua wimbo wa ujana wao. Basi haishangazi kwamba mzee huyo hutaka kuusikia wimbo wake vizuri. Tatizo ni kwamba sikio lake si lile la ujana.

Sauti kando ya ziwa

Sauti ni mitetemo inayopita katika hewa. Katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi, ambalo ni la kawaida Mwanza, husafiri mita 346 hivi kwa sekunde. Nuru husafiri kwa kasi kubwa mno, hata kwa umbali huu twaweza kusema inafika papo hapo. Ndiyo maana mtu aliyesimama nyuma kabisa ya umati, mita 100 kutoka jukwaani, huona fimbo ya mpiga ngoma ikishuka kwanza, na mlio humfikia karibu theluthi moja ya sekunde baadaye. Katika maonyesho makubwa mafundi huweka spika nyingine katikati ya uwanja. Sauti ya spika hizo huchelewa kutolewa kwa makusudi, ili ifike pamoja na ile itokayo jukwaani. Fundi asipofanya hivyo, kila neno husikika mara mbili.

Mwanza huitwa Jiji la Miamba, na kwa Kiingereza jina hilo lina neno lile lile lililomo katika jina la muziki wa roki. Maana zake, hata hivyo, ni mbalimbali: katika muziki neno hilo lilitokana na kuyumba au kutikisika, si jiwe. Lakini mawe ya Mwanza yana kazi yake katika sauti. Miamba ya matale iliyotapakaa vilimani ni migumu, haifyonzi sauti, bali huirudisha. Ikiwa mwamba uko mbali kiasi cha mita 17 au zaidi, sauti iliyorudi huchelewa angalau sehemu moja ya kumi ya sekunde, na sikio huisikia kama mwangwi. Anayepanga jukwaa mahali kama hapo hana budi kuangalia spika zake zinaelekea wapi.

Ziwa nalo lina tabia zake. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Karibu na uso wa maji upepo huo ni mpole, na juu zaidi huwa na kasi. Kwa sababu hiyo wimbi la sauti linaloelekea ziwani hukimbia zaidi sehemu yake ya juu kuliko ya chini, na hivyo huinama na kurudi chini. Uso wa maji yaliyotulia, kama mwamba, huirudisha sauti badala ya kuifyonza. Mvuvi wa dagaa aliye ziwani usiku wa giza, kilomita tatu kutoka jukwaani, huweza basi kuusikia mdundo sekunde tisa hivi baada ya kupigwa. Hata hivyo hatasikia muziki wote. Hewa hufyonza sauti nyembamba haraka kuliko sauti nene, kwa hiyo kinachomfikia ni gitaa la besi na ngoma. Maneno ya mwimbaji hupotelea njiani.

Sikio na seli zisizoota tena

Sauti ikiingia sikioni hutikisa kiwambo, na kiwambo hutikisa vifupa vitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Vifupa hivyo hupeleka mitetemo ndani ya mfereji uliojaa majimaji na kujipinda mfano wa gamba la konokono. Humo mna seli zipatazo 15,000, kila moja ikiwa na vinyweleo vidogo sana juu yake. Vinyweleo vikiinama, seli huamsha umeme mdogo katika neva, na ubongo husikia. Sauti kubwa mno huvichosha vinyweleo hivyo, na ikizidi huviua pamoja na seli zake.

Katika miaka ya 1980 watafiti waligundua kwamba kifaranga cha kuku kilichoharibiwa masikio kwa kelele huotesha seli mpya na kusikia tena. Binadamu hana uwezo huo. Seli iliyokufa haioti tena, na hakuna dawa ya kuirudisha.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Kipimo hiki hakijumlishwi kama kilo au mita: kila desibeli 3 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huwa mara mbili, na desibeli 10 zikiongezeka huwa mara kumi. Wataalamu wa afya kazini wanakubali desibeli 85 kwa muda wa saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zikizidi, muda huo hupungua kwa nusu: desibeli 88 kwa saa 4, desibeli 94 kwa saa 1, na desibeli 100 kwa dakika 15 tu. Onyesho la muziki huchukua saa mbili au zaidi.

Tarehe 31 Mei 1976, bendi ya Uingereza iitwayo The Who ilipiga muziki katika uwanja wa Charlton, London. Sauti ilipimwa kuwa desibeli 126 katika umbali wa mita 32 kutoka kwenye spika, na ikaandikwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Kwa hesabu iliyotajwa hapo juu, muda wa salama kwa sauti hiyo haufiki sekunde tatu. Baadaye wachapishaji wa kitabu hicho waliacha kuorodhesha rekodi za namna hiyo ili wasiwashawishi watu kuharibu masikio. Mpiga gitaa wa bendi hiyo, Pete Townshend, aliharibika usikivu na kupata mlio wa kudumu masikioni. Bendi ilipoungana tena kwa ziara ya mwaka 1989, yeye alipiga zaidi gitaa lisilotumia umeme, na gitaa la umeme likapigwa na mwingine. Vilevile mwaka 2016 Brian Johnson, mwimbaji wa bendi ya AC/DC, aliambiwa na madaktari aache ziara ama awe kiziwi kabisa. Alirudi na wenzake mwaka 2020.

Vizazi viwili, spika moja

Hapa ndipo onyesho la bendi kongwe linapotofautiana na maonyesho mengine. Mbele ya spika moja husimama babu aliyeupenda wimbo huo mwaka 1978 na mjukuu aliyezaliwa juzi. Babu, kwa uzee na kwa kelele za maisha, amekwisha kupoteza sehemu ya sauti nyembamba. Kwake muziki ni hafifu, na huomba uongezwe. Wanamuziki wenyewe, na pengine fundi wao, wana masikio ya umri ule ule, hivyo huona ombi hilo ni la haki. Sauti inayomridhisha mzee ndiyo inayomdhuru kijana, ambaye seli zake zote zi hai. Wala kijana hajui, kwa maana madhara hayo hayana maumivu. Dalili yake ni mlio masikioni na uzito wa kusikia usiku ule. Asubuhi dalili huondoka, naye hudhani amepona, lakini kila tukio huweza kuacha hasara ndogo, na hasara hizo hujumlishwa.

Hasara huanza katika sauti za mitetemo 4,000 hivi kwa sekunde. Katika eneo hilo na juu yake ndipo zilipo konsonanti kama s, f na sh. Mwanafunzi aliyepata hasara hiyo husikia irabu vizuri, lakini “fika” na “shika” humchanganya. Mwalimu humdhani mzembe, kumbe haisikii imla. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni moja duniani wamo katika hatari hii kwa sababu ya burudani. Mwaka 2022 shirika hilo lilipendekeza wastani wa sauti katika kumbi na maonyesho usizidi desibeli 100.

Tahadhari zenyewe ni nyepesi. Ya kwanza ni umbali: mahali pa wazi, kila umbali kutoka kwenye spika unapozidishwa mara mbili, sauti hupungua desibeli 6 hivi. Mahali penye desibeli 112 kwa mita 2, mtu aliye mita 16 hupata 94. Ya pili ni kupumzisha masikio kwa kutoka nje ya kelele mara kwa mara. Ya tatu ni vizibo vya masikio, ambavyo wanamuziki wengi sasa huvitumia wenyewe. Kwa mzee asiyesikia vizuri, dawa si kuongeza sauti ya uwanja mzima; afadhali apewe kiti mahali ambapo maneno husikika wazi, au apimwe masikio hospitalini.

Majaribio kwa shule

1. Mwanafunzi mmoja asimame mita 170 kutoka kwa wenzake na kugonga debe kwa fimbo, akiinua mkono juu sana kabla ya kila pigo. Wenzake wapime kwa saa muda kati ya kuona pigo na kusikia mlio. Wapime mara kumi, watafute wastani, kisha wakokotoe kasi ya sauti. Kwa nini wastani ni bora kuliko kipimo kimoja?

2. Onyesho lina sauti ya desibeli 112 umbali wa mita 2 kutoka kwenye spika. Je, msikilizaji asimame umbali gani ili aweze kukaa saa 4 bila kuvuka kiwango cha usalama?

3. Eleza kwa nini mvuvi aliye ziwani husikia besi lakini hasikii maneno ya wimbo.