Marekani: Kabla ya kumlipia binti timu ya softiboli ya kusafiri, mzazi aulize nini?

Mwezi wa nane ni mwezi wa majaribio. Katika miji mingi ya Marekani, vilabu vya softiboli huwaita wasichana uwanjani na kuwatazama wakikimbia, wakidaka na kupiga mpira. Baada ya siku chache simu ya mzazi inalia: binti amechaguliwa, sehemu ya pesa ilipwe haraka, la sivyo nafasi atapewa mwingine. Kwa familia iliyotoka Uvira, Fizi au Masisi na kupitia kambi ya Nyarugusu au Nakivale, jibu la simu hiyo linaweza kumaliza akiba ya mwaka mzima.

Familia za namna hiyo si chache. DRC iliongoza orodha ya nchi walikotoka wakimbizi waliopokelewa Marekani katika miaka ya 2016, 2019 na 2023. Wengi wamepata makao Texas, Kentucky, Arizona na Ohio. Huko watoto wao hukutana shuleni na michezo ambayo wazazi hawakuiona nyumbani, na softiboli ni mmojawapo.

Mchezo huo ulizaliwa Chicago mwaka 1887. Ni ndugu wa besiboli: timu ina wachezaji tisa uwanjani, mrushaji anarusha mpira kwa mkono unaotokea chini, mpinzani anaupiga kwa gongo kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne. Sheria ya mwaka 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule zinazopata pesa za serikali kuu iliwafungulia wasichana mlango wa michezo, na leo shule na vyuo vikuu vingi vina timu ya softiboli. Mwaka 2028 mchezo huo unarudi katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles.

Ligi ya mtaa au timu ya kusafiri

Ligi ya mtaa inapokea karibu kila mtoto, bei yake ni ndogo na mechi zinachezwa karibu na nyumbani. Timu ya kusafiri inachagua wachezaji, inafanya mazoezi karibu mwaka mzima, na mwisho wa juma inakwenda kwenye mashindano ya miji mingine, mara nyingine hata jimbo jingine. Wasichana wanapangwa kwa umri: wasiozidi miaka 10, 12, 14, 16 na 18. Hakuna ubaya kwa mtoto kuanzia mtaani mwaka mmoja au miwili, hasa kama hajajua bado kama anaupenda mchezo kweli.

Swali la kwanza la mzazi lisiwe idadi ya vikombe ambavyo timu imeshinda. Liwe hili: binti atacheza? Hesabu ni rahisi. Timu yenye wasichana 12 inaweka watatu nje ya uwanja. Yenye 16 inaweka saba, na wote 16 wamelipa. Kocha anapaswa kusema tangu mwanzo amechukua wachezaji wangapi, binti atacheza nafasi gani, na kama nafasi zinagawanywa kwa zamu au kwa uwezo. Msichana wa miaka 11 anayekaa kwenye benchi kila Jumamosi anajifunza kidogo kuliko yule anayecheza mechi zote katika timu isiyo na jina.

Pesa na mkataba

Ada ya msimu inaweza kuanzia mamia ya dola na kufikia elfu kadhaa. Lakini ada ni mwanzo tu. Kuna sare, glovu, viatu, kaske ya kukinga kichwa, na gongo ambalo likiwa jipya na la kisasa linaweza kuzidi dola 300. Kuna mafuta ya gari, hoteli, chakula cha siku mbili, hata kiingilio cha mzazi mlangoni. Mzazi aombe hesabu yote kwa maandishi, aulize kama anaweza kulipa kila mwezi, kama klabu ina msaada kwa wenye kipato kidogo, na kama pesa zinarudishwa mtoto akiumia au familia ikihama.

Hapo kuna tatizo ambalo familia nyingi za wageni zinalijua. Mkataba umeandikwa kwa Kiingereza, na mara nyingi mkalimani wa nyumba ni binti mwenyewe, yule yule anayetamani kuchaguliwa. Si kwamba atadanganya. Lakini si haki kumwachia mtoto wa miaka 12 mzigo wa kumweleza baba yake kwamba pesa hazirudi. Ndugu mwingine, mtu wa kanisani au mfanyakazi wa shirika la kupokea wakimbizi anayejua Kiswahili asome karatasi hiyo kabla ya sahihi. Kuuliza si ujinga.

Ahadi ya bourse

Neno linalowavuta wazazi wengi ni bourse ya chuo kikuu. Ni kweli softiboli imewasomesha wasichana wengi. Lakini kanuni za NCAA haziwaruhusu makocha wa daraja la kwanza kuwasiliana na msichana kuhusu kumchukua kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka wake wa darasa la 11. Na kwa miaka mingi, timu moja ya daraja hilo iliruhusiwa kutoa kiasi sawa na bourse kamili 12 tu, zikigawanywa vipande vipande kwa wachezaji wengi zaidi ya hao. Kanuni hiyo ya hesabu imeanza kubadilika tangu 2025, ila jambo moja halijabadilika: kocha anayemwahidi bourse mtoto wa miaka 10 anauza kitu asichokuwa nacho. Alama nzuri za shuleni zinafungua milango mingi kuliko gongo.

Usalama na mwili wa mtoto

Safari zina hatari yake. Mzazi aulize ni nani anaendesha gari, nani analala na watoto hotelini, na kama watu wazima wote wa timu wamechunguzwa rekodi zao za uhalifu. U.S. Center for SafeSport, kituo kilichofunguliwa mwaka 2017, kina orodha ya watu walioadhibiwa ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma kwenye intaneti bila kulipa. Timu zilizosajiliwa na USA Softball ziko chini ya kanuni za kituo hicho. Zilizosajiliwa kwingine zionyeshe kanuni zao. Kocha anayekasirishwa na maswali hayo amekwisha kujibu.

Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mtoto apumzike angalau siku moja au mbili kila juma, na jumla ya miezi mitatu kwa mwaka mbali na mchezo wake mkuu. Kwa mrushaji jambo hilo lina uzito zaidi, maana anaweza kurushishwa mechi kadhaa kwa siku mbili. Timu iwe na warushaji zaidi ya mmoja.

Inabaki Jumapili. Mashindano mengi huanza Jumamosi na kumalizika siku ya ibada, siku ambayo pia ndugu huonana na wazazi wenye zamu kazini hutafuta mtu wa kubaki na wadogo. Kocha aambiwe mapema ni Jumapili ngapi familia inaweza kutoa. Akikataa, ni afadhali kujua hilo mwezi wa nane kuliko mwezi wa tano, pesa zikiwa zimekwisha lipwa.

Kabla ya kutoa dola ya kwanza, mzazi na binti waende kutazama mazoezi ya timu hiyo mara moja, bila kutangaza. Wasikilize kocha anasema nini kwa msichana aliyeangusha mpira. Kisha, njiani kurudi nyumbani, binti aulizwe kama angependa kuwa yule msichana.